Kioo cha Darubini Chaweza Kusagwa Olmotonyi

Wako watu wengi katika nchi yetu wanaodhani kwamba darubini ya kutazamia nyota ni chombo ambacho hakina budi kutoka ng'ambo, kikiwa kimefungwa ndani ya sanduku, na kwamba sehemu yetu sisi ni kukipokea, kushukuru, kisha kukifungia kabatini kisije kikavunjika. Dhana hiyo si ya kweli. Moyo wa darubini ni kioo kimoja cha duara, na kioo hicho chaweza kusagwa kwa mikono miwili, bila mtambo wowote, na mtu yeyote mwenye subira, maji safi na mahali pa kusimama. Wamekwisha kuifanya kazi hiyo wapiga muziki, mafundi wa viwandani na watawa. Leo twataka kueleza jinsi inavyofanywa, na kwa nini tunaona kwamba Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, ni mahali panapofaa sana kuianzisha.

Msomaji wa Arusha hahitaji kuelezwa Olmotonyi ni wapi. Kwa wengine tuseme kwamba ni upande wa magharibi wa mji wa Arusha, njia ya kwenda Namanga, penye Chuo cha Misitu na msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Huko vijana hujifunza kupanda miti, kuitunza, kuivuna na kuipima. Kwa kupima pembe na umbali tu, kijana wa misitu huweza kutaja urefu wa mti ambao hajaupanda. Hesabu hiyo ndiyo ile ile ambayo wataalamu wa falaki waliitumia kupima umbali wa mwezi. Basi asiseme mtu kwamba elimu ya nyota ni ngeni kwa watu wa Olmotonyi. Hesabu yake wanayo tayari. Wanachokosa ni chombo.

Kazi yenyewe

Twaa vioo viwili vinene vya duara, kila kimoja chenye upana wa milimita 150, yaani inchi sita. Kimoja kiweke juu ya pipa lililojazwa mawe ili lisitikisike, ukikaze kwa vipande vya mbao. Juu yake nyunyiza maji kidogo na unga wa kaborandumu, ule ule unaotengenezewa mawe ya mashine za kunolea. Kisha weka kioo cha pili juu ya cha kwanza, ukisukume mbele na ukivute nyuma. Baada ya misukumo michache kizungushe kioo hicho kidogo, nawe usogee hatua moja kulizunguka pipa. Endelea hivyo, ukiongeza unga na maji kila sauti ya kukwaruza inapofifia.

Baada ya saa kadhaa utaona ajabu. Kioo cha juu kimeanza kubonyea katikati, na cha chini kimeanza kubinuka. Sababu yake ni nyepesi. Kioo cha juu kinapopita ukingo wa kile cha chini, uzito wote huangukia katikati ya cha juu na pembeni mwa cha chini, na hapo ndipo panapolika zaidi. Na kwa kuwa vioo hivyo husuguana kila upande huku vikizungushwa, haviwezi kugusana mahali pote ila nyuso zao ziwe sehemu ya tufe, yaani umbo la mpira. Umbo hilo hujitokeza lenyewe kwa sheria za maumbile, hata kama mkono wa fundi si mwepesi. Mama zetu wanalijua jambo la namna hii tangu kale: jiwe la kusagia nafaka hubonyea kwa miaka ya kusagiwa, wala hakuna aliyelichonga libonyee.

Mbonyeo unaotakiwa si mkubwa. Kwa kioo cha milimita 150 ambacho hukusanya mwanga umbali wa milimita 1,200 mbele yake, kina cha katikati hakifiki milimita moja na robo. Ukiisha kupata kina hicho, waacha unga wa chenga na kushika ulio laini zaidi, kisha mwingine laini kuliko huo, hata uso wa kioo uwe kama umepakwa maziwa. Hapa ndipo usafi unapokuwa amri. Kila unga unapobadilishwa hapana budi kuosha vioo, pipa, ndoo, mikono na hata nguo. Punje moja ya unga wa kwanza ikisalia itachora mfereji juu ya kioo, na fundi atalazimika kurudi nyuma na kuisaga upya kazi ya siku nyingi.

Utomvu wa msonobari

Kioo kikiisha kulainika hakijapata kung'aa bado. Kung'arisha ni kazi nyingine, na hapa Olmotonyi inaingia moja kwa moja, kwa kuwa chombo cha kung'arishia hutengenezwa kwa lami itokanayo na utomvu wa msonobari, uliochemshwa hata ukawa mgumu kama sandarusi. Lami hiyo ina tabia ya ajabu. Ukiipiga kwa nyundo hupasuka kama kioo. Ukiiacha juu ya meza hutiririka polepole kama asali nzito. Humiminwa ikiwa moto juu ya kile kioo cha chini, ikakandamizwa kwa kioo cha juu ili ilifuate umbo lake barabara, kisha ikakatwa mifereji ya maji. Juu yake hupakwa unga mwekundu wa oksidi ya chuma, ambao kwa asili ni ndugu wa kutu, au unga wa oksidi ya seri. Saa baada ya saa kioo husuguliwa juu ya lami hiyo, mpaka kitakate kiwe kama maji ya chemchemi.

Msonobari ni mti unaojulikana sana kwa watu wa misitu. Katika shamba la Sao Hill, wilayani Mufindi, utomvu wake umekuwa ukigemwa kwa biashara. Mwanafunzi wa misitu anayejua kwamba utomvu huo ndio unaovipa vioo vya darubini sura yao ya mwisho atautazama mti wake kwa jicho jingine.

Kisha huja kupima, na katika kazi yote hakuna sehemu inayostahili kusifiwa kuliko hii. Mwaka 1858 Mfaransa Léon Foucault alieleza njia ya kupima kioo kwa taa na kisu. Taa yenye tundu dogo huwekwa mbele ya kioo. Kwa kioo tulichokitaja umbali wake ni mita 2.4. Mwanga huenda ukagonga kioo na kurudi karibu na pale ulipotoka. Mpimaji huukata mwanga huo unaorudi kwa makali ya wembe, huku jicho lake likiwa nyuma ya wembe. Mara uso wa kioo huonekana kama nchi iliyomulikwa na jua la asubuhi: vilima na mabonde yote huwa wazi. Ukigusisha kidole juu ya kioo kwa muda mfupi, ule ujoto mdogo wa mwili utaonekana kama uvimbe, nao hutoweka kioo kinapopoa.

Kioo kizuri hakipaswi kuwa na kosa linalozidi sehemu chache za mia elfu za milimita, yaani kama sehemu moja katika elfu ya unene wa unywele. Tena lile umbo la tufe halitoshi. Hapana budi lizidishwe kina kidogo sana katikati, liwe lile liitwalo parabola, ili miali yote ikutane mahali pamoja. Tofauti ya maumbo hayo mawili, kwa kioo chetu, haifiki sehemu tatu za elfu kumi za milimita. Mfanyakazi huiondoa tofauti hiyo kwa mikono yake mitupu, kwa lami na maji, naye huipima kwa taa na wembe. Tunauliza: ni karakana gani katika nchi yetu inayomfundisha kijana kupima kwa udhibiti wa namna hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo?

Mwisho kioo hupakwa utando mwembamba wa fedha au alumini ili kiakisi mwanga. Fedha hupakwa kwa dawa zinazochanganywa katika maji, kwa njia iliyotokana na kazi ya Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19. Alumini huhitaji chombo kilichoondolewa hewa, na kazi hiyo si ya nyumbani. Vivyo hivyo unga wa kusagia na kioo kinene ni vitu vya kununua. Hatusemi, basi, kwamba darubini huota shambani. Twasema kwamba sehemu iliyo ngumu kuliko zote, ile inayokifanya kioo kuwa darubini, ni kazi ya mikono na subira, na hivyo havinunuliwi dukani.

Waliotutangulia

Historia ya kazi hii ni historia ya watu wa kazi. Kweli, Isaac Newton, aliyetengeneza darubini ya kioo mwaka 1668, alikuwa msomi wa chuo kikuu. Lakini hata yeye aliisaga na kuing'arisha kwa mikono yake. William Herschel alikuwa mpiga kinanda katika mji wa Bath, Uingereza. Vioo vyake vilikuwa vya shaba iliyochanganywa na bati, naye aliving'arisha nyumbani mwake. Dada yake Caroline ameandika kwamba safari moja kaka yake hakuondoa mikono yake kiooni kwa muda wa saa 16, ikawa yeye humlisha tonge kinywani. Tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini aliyojitengenezea, yenye kioo kisichozidi sana inchi sita, Herschel aliiona sayari ya Uranus, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameijua kuwa sayari tangu dunia kuumbwa. Naye Caroline hakubaki kuwa mlishaji tu. Alikuja kugundua vimondo vyenye mkia vinane kwa jina lake mwenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wetu ni ule wa mji wa Springfield, jimbo la Vermont, Marekani. Mji huo ulikuwa wa viwanda vya mashine. Mwaka 1920 Russell Porter aliwakusanya wafanyakazi wa kiwandani, wanaume 15 na mwanamke mmoja, akawafundisha kusaga vioo baada ya saa za kazi. Mwaka 1923 waliunda chama chao cha watengeneza darubini, wakajijengea nyumba juu ya kilima, na mkutano wao bado unafanyika kilimani hapo. Porter mwenyewe alikuja kuitwa kusaidia kazi ya darubini kubwa ya Palomar, California, yenye kioo cha upana wa zaidi ya mita tano, iliyofunguliwa mwaka 1948. Hivyo njia iliyoanzia katika darasa la jioni la mafundi ilifika kwenye darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote za wakati wake.

Tumtaje na John Dobson, mtawa wa San Francisco, ambaye hakuwa na fedha ya kununulia chochote. Alisaga vioo vya madirisha ya meli, akajenga kitako cha darubini kwa mbao za kawaida, na kuanzia mwaka 1968 yeye na wenzake wakawa wakisimamisha darubini zao kando ya njia ili kila apitaye atazame bure. Kitako chake cha mbao hutumika sasa duniani kote. Fundi seremala yeyote wa Arusha ambaye amewahi kutengeneza meza iliyosimama sawasawa anaweza kukitengeneza.

Hoja za wenye shaka

Wako watakaosema kwamba nyota hazimlishi mtoto. Nasi tunakubali kwamba hakuna aliyewahi kupika Zohali. Lakini wazee wetu hawakuzitazama nyota kwa mchezo. Kile kishada cha nyota tukiitacho Kilimia kimepewa jina hilo kwa sababu ya kulima, na methali yetu yasema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mkulima wa kale alikuwa na kalenda juu ya kichwa chake. Leo taa za mji wa Arusha zinazidi kupanuka mwaka hata mwaka, na mtoto azaliwaye mjini aweza kukua bila kuuona ule mkanda mweupe wa nyota ukatao mbingu. Ataujifunza kwa picha za kitabuni, aujibu katika mtihani, kisha ausahau. Hiyo ni hasara ya urithi, nayo haiandikwi katika hesabu za mtu yeyote.

Wako pia watakaosema kwamba darubini za msaada zipo. Ni kweli, na tunawashukuru walioleta. Shirika la Astronomers Without Borders limewahi kuendesha mradi wa kuleta darubini Tanzania na kuwafunza walimu. Daktari Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amefanya kazi kubwa ya kueneza elimu ya nyota kwa wananchi, na tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulishuhudia. Huko Kenya Susan Murabana na wenzake huzungusha darubini yao toka shule hadi shule. Kazi hizo zote ni za kusifiwa. Lakini methali husema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Chombo usichojua kilivyotengenezwa hukutia hofu. Kikipata vumbi hukisafishi, kikilegea hukikazi, na mwisho hukifungia kabatini. Aliyekisaga kioo kwa mikono yake hana hofu hiyo. Kikichafuka atakiosha, utando ukiisha atautoa na kuupaka upya, na kikivunjika atajua pa kuanzia.

Tena yeye afanyaye kwa mikono yake huona mambo ambayo asomaye tu hayaoni. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaona kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Alichekwa. Lakini hakuacha kuuliza, na mwaka 1969, akiwa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, yeye na Daktari Denis Osborne wa Dar es Salaam waliyachapisha matokeo ya majaribio yao. Mpaka leo wataalamu hubishana juu ya jambo hilo, na jina wanalolitumia ni la Mpemba. Mweka si mbali na Olmotonyi, na mwanafunzi wa wanyamapori na mwanafunzi wa misitu ni watoto wa nyumba moja.

Mbingu za Olmotonyi

Imebaki kusema nini kitakachoonekana. Olmotonyi ni nyuzi tatu na kitu kusini ya Ikweta. Upande wa mashariki mlima huziba sehemu ya chini ya anga, na mawingu ya masika na ya miezi ya baridi hayana huruma. Lakini usiku ukiwa mweupe, mtu aliye hapo huziona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini pamoja. Katika mwezi wa Mei, mawingu yakifunguka, Msalaba wa Kusini huwa upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili. John Herschel, mwana wa yule William, alilazimika kusafiri kwa meli mpaka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1834 na kukaa huko miaka minne, akiwa na vioo vilivyong'arishwa kwa mikono ya baba na mwana, ili azione nyota za kusini zisizoonekana Uingereza. Kijana wa Olmotonyi hahitaji meli. Inatosha atoke nje ya bweni.

Kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga zaidi ya mara 400 ya ule unaoingia katika jicho la mtu gizani. Kitamwonyesha pete za Zohali, miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, milima ya mwezi na vivuli vyake, na kishada cha Omega Centauri, ambacho kwa jicho tupu ni doa la ukungu, na ndani ya darubini huwa maelfu ya nyota zilizosongamana kama unga uliomwagika.

Basi rai yetu ni fupi. Waanze watu wachache, wanafunzi wa misitu, mafundi seremala na walimu wa sekondari wa Arusha, wake kwa waume, wasage kioo kimoja tu. Wakutane jioni baada ya kazi, kama walivyofanya wale wa Springfield. Wa kwanza kumaliza amfundishe wa pili, na wa pili amfundishe wa tatu. Hatutazamii kwamba watagundua sayari. Twatazamia kwamba siku moja mtoto wa Olmotonyi atainamia darubini, aione Zohali na pete zake, aulize ni nani aliyekitengeneza kioo hiki, naye aonyeshwe mtu anayemfahamu.